Farasi Wangu Anakwenda Mwendo Gani? Tafuta Jibu kwa Makalio, Masikio na Simu

Swali ninaloulizwa zaidi na masaisi wenzangu hapa Jinja, Uganda, si la kupe wala la homa. Ni hili: "Huyu jike mpya akiongeza mwendo hamrushi mtu. Matiti si matiti, mghadi si mghadi. Anakwenda nini?" (Matiti na mghadi ni majina ya miendo ya farasi, nitayaeleza punde.) Anayeuliza huwa ameshapewa jibu na aliyemuuza: "Laini kama gari jipya." Hilo si jibu. Ulaini ni habari ya makalio ya mpandaji, mwendo ni habari ya miguu minne ya farasi. Farasi anaweza kuwa laini kwa sababu amezaliwa na mwendo huo, au kwa sababu ni mzee na mvivu, au kwa sababu kwato zinamuuma na hathubutu kunyanyua mguu. Ukiwa juu ya tandiko, hao watatu utawachanganya. Mimi niliwachanganya, nami nitasimulia mbele.

Majina kwanza

Kiswahili kina majina ya miendo ya mnyama wa kupanda, ila sisi wa bara huku hatuyatumii kwa kuwa farasi ni wachache na wengi wetu tulifundishwa kazi kwa Kiingereza. Niliyapata kwa mzee mmoja wa Lamu tuliyefanya naye kazi, mtu aliyekulia juu ya punda. Hatua ni kutembea. Matiti ni ule mwendo wa kudunda unaomrusha mpandaji juu na kumpokea. Mghadi ni mbio za taratibu zenye midundo mitatu. Shoti ni mbio zote. Na kati ya hatua na mghadi, kwa mnyama aliyejaliwa, kuna telki: mwendo wa haraka usiomtikisa aliye juu. "Punda wa telki, mwanangu," mzee aliniambia, "unampanda na kikombe cha kahawa mkononi."

Telki si moja. Watu wa Iceland wana tölt. Marekani wana running walk ya Tennessee Walking Horse, fox trot ya Missouri Fox Trotter na rack ya American Saddlebred. Peru wana paso llano, Brazili wana marcha mbili za Mangalarga Marchador, India farasi wa Marwari ana revaal. Na tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu: farasi wadogo wa Lesotho wanajulikana kwa trippel, na Boerperd wa Afrika Kusini wapo wenye miendo mitano. Jike ninayemtolea mifano hapa ana damu ya Boerperd, kwa mujibu wa karatasi zake. Karatasi sikuziamini mpaka nilipohesabu.

Siri yenyewe ni pengo

Soma sehemu hii polepole, maana ukiielewa zilizobaki ni nyepesi.

Farasi akienda hatua ya kawaida, kwato zinatua kwa mpangilio huu: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, halafu tena. Telki zote nilizozitaja zinafuata mpangilio huohuo. Haubadiliki. Kinachobadilika ni pengo la muda kati ya mguu wa nyuma na mguu wa mbele wa upande uleule.

Lifute pengo hilo kabisa, miguu miwili ya kushoto itue pamoja, kisha miwili ya kulia. Huo ni mwendo wa ubavu. Ngamia wa Wapokoti kule Amudat wanakwenda hivyo, na twiga wa mbuga ya Murchison akitembea anaukaribia sana, ndiyo maana anaonekana kama anayumba. Sasa livute pengo mpaka mguu wa mbele kushoto uchelewe kiasi cha kutua pamoja na wa nyuma kulia. Umepata matiti: miguu inatua kimshazari, wawili wawili. Kati ya ncha hizo mbili ndimo zinamoishi telki zote. Pengo likiwa katikati barabara, unasikia midundo minne iliyo sawa. Likiegemea upande mmoja au mwingine, midundo inaanza kushikana jozi jozi.

Mfano wa nyumbani ni tembo. Tembo hana matiti wala shoti. Hata akikukimbiza anatumia mpangilio wa hatua ulioharakishwa, na hakuna wakati ambao miguu yake yote minne iko hewani. Aliyewahi kumwona akishuka kwenda mtoni kwa haraka, mgongo umetulia na miguu inafanya kazi yote chini, ameiona telki ya tani kadhaa.

Vifaa

Simu yenye video ya polepole, vipande viwili vya kitambaa, na ardhi ngumu iliyo tambarare. Basi.

Mimi nilichana kitenge kikuukuu, nikafunga kipande cha njano mguu wa nyuma kushoto na chekundu mguu wa mbele kushoto, juu kidogo ya kwato pale panapobonyea. Funga kwa fundo la kufunguka. Mara ya kwanza nilifunga fundo la mkazo, kitambaa kikateleza chini, jike akakikanyaga na kuruka pembeni. Mwenzangu aliyekuwa amemshika kamba akaishia kwenye mahindi ya jirani.

Apite mbele yako kwa upande, hatua kama kumi na tano kutoka uliposimama, simu ikiwa usawa wa tumbo lake. Usimfuate kwa simu, mwache apite kwenye picha. Na weka video ya polepole kweli. Hesabu inasema hivi: kama hatua nzima ya farasi, kuanzia mguu wa njano kutua mpaka utue tena, inachukua nusu sekunde, video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde inakupa picha 15 tu. Midundo minne kwenye picha 15! Kosa la picha moja linakugeuzia mwendo. Video ya picha 240 kwa sekunde inakupa picha 120 kwa hatua ileile, na hapo unaweza kuhesabu kama mtu mzima.

Wala usione aibu kutegemea mashine. Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi wa shoti akiwa amenyoosha miguu yote mbele na nyuma, kama mbwa anayejinyoosha asubuhi. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya mbio. Picha zikaonyesha kwamba farasi huacha ardhi wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa. Macho ya watu waliolala na kuamka na farasi yalikuwa yamekosea muda wote huo. Sembuse yako na yangu?

Kuhesabu: simamisha video pale mguu wa njano unapogusa ardhi. Sogeza picha moja moja mpaka mwekundu uguse, andika idadi. Endelea mpaka wa njano uguse tena, andika idadi yote tangu mwanzo. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata karibu na sifuri, ni mwendo wa ubavu. Karibu na nusu, ni matiti. Robo, ni telki ya midundo sawa. Kati ya sifuri na robo, telki iliyoegemea ubavu. Kati ya robo na nusu, telki iliyoegemea matiti. Jike wetu siku ile alitoa 26 kwa 112, yaani asilimia 23. Robo kasoro kidogo. Nikaziomba radhi karatasi zake.

Dalili: ananirusha juu na chini

Matiti. Usitafute zaidi. Ukitaka uhakika, sikiliza: ta, ta, ta, ta, midundo miwili kwa hatua, mizito. Tahadhari moja tu: farasi mdogo mwenye matiti mafupi ya kivivu anaweza kumdanganya mpandaji mgeni kuwa ni telki kwa sababu harushi sana. Mwambie aongeze mwendo. Matiti yakiongezwa yanarusha, telki nzuri ikiongezwa inabaki chini.

Dalili: hanirushi, lakini ananiyumbisha kulia na kushoto

Hapo kuna ubavu ndani yake. Kiuno chako kinatupwa upande mmoja, kinarudishwa, kama abiria wa nyuma kwenye boda boda inayokwepa mashimo. Kwa mwendo wa taratibu wengine huupenda, na wageni wengi hushuka wakisema farasi ni mtulivu. Ongeza kasi utaona: ubavu wa kweli wa mbio una nafasi ya kuwa hewani, na kukaa juu yake kunataka ufundi. Kule Iceland huo ni mwendo wa tano, wa mashindano, wa masafa mafupi. Hawautumii kwenda dukani.

Kama pengo ni dogo lakini lipo, unasikia taka… taka… taka, basi si ubavu kamili bali telki iliyovunjika kuelekea ubavu. Marcha picada ya Brazili iko upande huo. Ndugu yake, marcha batida, iko upande wa pili, ule wa matiti.

Dalili: nimekaa kama kwenye kiti, masikio yanasikia midundo minne

Pongezi, lakini kazi haijaisha, maana hapa ndipo majina yanapogombaniwa. Tölt, rack, running walk na paso llano zote zina midundo minne iliyo sawa au karibu na sawa. Sikio likizoea linaisikia kama mitwangio inayopokezana kwenye kinu bila kugongana: takataka-takataka. Kwenye maonyesho ya farasi wa aina ya Paso Fino huwapitisha juu ya njia ya mbao ili majaji wausikie mdundo. Sisi tunatumia daraja dogo la mbao la kuvukia mtaro, na linatosha.

Kutofautisha, acha sikio, tazama chini. Subiri mvua ipite na udongo mwekundu ushike alama. Running walk huvusha mguu wa nyuma mbele ya alama ya mguu wa mbele wa upande uleule kwa shubiri moja hivi, hata mbili kwa farasi aliyejaliwa. Farasi wa kawaida akitembea vizuri naye huvuka kidogo, kwa hiyo pima, usikadirie. Ndani ya running walk kichwa kinaitikia, kinashuka na kupanda pamoja na hatua. Tölt na rack hazivushi kiasi hicho. Miguu ya mbele inanyanyuka zaidi, kichwa kimetulia juu, na ukisimamisha video utakuta nyakati ambazo farasi mzima amesimama juu ya mguu mmoja. Hilo la mguu mmoja ndilo linalonishangaza mpaka leo: kilo mia nne na mpandaji wake, juu ya ukwato mmoja, na kahawa haimwagiki.

Kama mguu wa mbele unatua mapema kidogo kabla ya mguu wa nyuma wa upande wa pili, na masikioni ni taka… taka… vilevile, hiyo ni fox trot. Sikio peke yake haliwezi kuitenganisha na telki ya ubavu, maana zote zinagonga jozi jozi. Nimewahi kubishana na mwenzangu nusu saa nzima juu ya jambo hili, rolex zetu, zile chapati za mayai, zikapoa. Mabishano yalikwisha tulipotazama jozi ni ya miguu gani. Jozi ya upande mmoja, ubavu. Jozi ya kimshazari, fox trot.

Dalili: kichwa kinashuka na kupanda

Hapa tusikimbie.

Kichwa cha kuitikia ni sifa ya running walk. Pia ni dalili ya kwanza ya farasi anayechechemea. Tofauti iko kwenye hesabu. Farasi mzima anaitikia mara mbili kwa hatua nzima, kushoto na kulia, kwa kina kilekile. Mwenye maumivu mguu mmoja wa mbele anainua kichwa pale mguu mbovu unapogusa ardhi, ili auondolee uzito, na kukishusha mguu mzima unapotua. Kwa hiyo unaona kushuka kukubwa mara moja kwa kila hatua. Ukiona kichwa kinashuka zaidi kitambaa chekundu kinapotua, mashaka yako yaende mguu wa mbele wa kulia, si huo wa kushoto. Wengi hukosea hapo, wanaanza kukagua mguu uliobeba mzigo.

Sasa kisa changu. Miaka michache iliyopita nilitumwa nikamtazame farasi mmoja anayeuzwa. Jike wa kijivu, mnene, mwenye adabu. Nilimpanda kwenye barabara ya udongo mgumu, akaenda hatua fupi fupi za haraka, chini chini, bila kurusha hata kidogo. Kichwa kimetulia tuli. Nikampigia bosi simu: "Mzee, huyu ni telki." Tukamnunua.

Wiki ya pili, mchana wa jua kali, nilimgeuza kwa duara dogo mbele ya zizi penye sakafu ya saruji. Akasita. Akaegemea nyuma, akahamisha miguu ya mbele kama mtu anayekanyaga makaa. Daktari wa mifugo alipofika hakutazama mwendo kabisa. Aliweka vidole viwili nyuma ya kifundo, juu ya kisigino cha ukwato, akaniita na mimi niweke. Mshipa ulikuwa unapiga kwa nguvu kama saa ya ukutani. Kwato zote mbili za mbele zilikuwa na joto kuliko za nyuma. Uvimbe ndani ya ukwato. Pale alipotoka alikuwa analishwa pumba za mahindi ndoo kwa ndoo ili apendeze machoni pa wanunuzi.

Hakuchechemea kwa sababu hakuwa na mguu wa kukimbilia: yote miwili ilimuuma sawasawa, kichwa kikakosa upande wa kuhurumia. Nilichokiita telki kilikuwa ni mnyama anayeogopa ardhi. Tulimwondolea pumba, tukamlaza kwenye maranda mazito, daktari akampa dawa ya maumivu, fundi wa kwato akaja kumpunguza ncha za kwato kidogo kidogo. Alipona kiasi, na alipopona ikaonekana mwendo wake halisi ni upi. Matiti. Matiti ya kuvunja mgongo.

Tangu siku ile, kabla sijataja mwendo wa farasi yeyote, nampeleka kwanza kwenye nyasi laini, kisha kwenye ardhi ngumu, kisha namgeuza duara dogo pande zote mbili. Telki ya kuzaliwa haiogopi kona. Farasi anayerefusha hatua kwenye nyasi na kuifupisha kwenye saruji anazungumzia kwato zake, hazungumzii mwendo. Kisha naweka vidole viwili pale daktari aliponionyesha. Kwa farasi mzima mshipa huo huutafuta kwa taabu.

Dalili: leo telki, kesho ubavu, keshokutwa matiti

Hii ndiyo kesi ya kawaida kuliko zote, na chanzo mara nyingi ni ardhi au ni wewe. Jike wetu akiwa kwenye lami huenda ubavu. Kwenye udongo mwekundu uliokauka huenda telki safi. Mwingize kwenye majani marefu au mchanga mzito wa kando ya ziwa, anageuka matiti, kwa kuwa lazima anyanyue miguu. Ni farasi yuleyule, asubuhi ileile. Kwa hiyo mtu akiniletea video bila kuniambia alipita wapi, sijibu.

Halafu mpandaji. Anayening'inia kwenye hatamu na kuegemea nyuma anamfanya farasi ainue kichwa, abonyeze mgongo chini na kukaza misuli. Mgongo uliobonyea unaelekea ubavu. Farasi aliyeachiwa shingo ikashuka na kurefuka anaelekea upande wa matiti. Telki iko katikati, na mkono wa mpandaji ndio unaopima. Ukiwa na farasi wa ubavu, mtembeze hatua tu kwa dakika ishirini, shingo chini, kisha mpitishe juu ya miti minne mitano iliyolazwa chini, magogo membamba ya mkaratusi yanafaa. Kuvuka miti kunaachanisha miguu iliyozoea kutua pamoja. Usiombe kasi. Kasi ndiyo inayovunja telki ya farasi mchanga: misuli haijaweza, anakimbilia pale palipo rahisi kwake.

Kama ni farasi wa siku nyingi aliyekuwa thabiti na sasa amebadilika ghafla, achana na miti, vua tandiko. Tazama jasho. Palipo pakavu katikati ya palipolowa ndipo tandiko linapobana. Pitisha ncha za vidole kando ya uti wa mgongo kwa shinikizo la wastani, uone anapobonyea au kurusha mkia. Kisha kwato: zimekatwa lini, na je, mbili za mbele zinalingana? Kidole cha ukwato kikiachwa kirefu mguu unachelewa kuondoka ardhini, na mwendo ambao ukamilifu wake ni robo ya hatua hauvumilii kuchelewa.

Na kuna wanaotafuta mwendo kwa njia ya mkato. Marekani walifika mahali pa kuwachoma miguu farasi wa Tennessee kwa kemikali na kuwafunga minyororo ili wanyanyue miguu ya mbele kwa maumivu, mpaka sheria ya mwaka 1970 ikakataza farasi walioumizwa hivyo kuonyeshwa na kuuzwa. Nalitaja kwa sababu nimeshaulizwa, tena na mtu mwenye akili zake, kama kumfunga farasi uzito miguuni kutamfundisha telki. Hapana.

Dalili: miguu ya mbele inatupwa nje kama muogeleaji

Kwa farasi wa Peru hiyo ni sifa, wanaiita termino, na inaanzia begani: mguu mzima unazunguka nje kisha unatua mbele, laini. Kwa farasi wetu mara nyingi ni magoti au kwato zilizopinda, na mzunguko unaanzia chini ya goti. Msimamishe, mtazame kutoka mbele. Miguu iliyonyooka akiwa amesimama na kuzunguka akiwa anakwenda, uliza ukoo wake. Miguu iliyopinda akiwa amesimama, muite fundi wa kwato.

Dalili: mghadi unatikisa kama kiti kilicholegea mguu

Mbele anaongoza kwa mguu wa kulia, nyuma anaongoza kwa wa kushoto. Farasi wenye ubavu mwingi hufanya hivyo sana. Mrudishe kwenye kutembea, omba mghadi upya kwenye kona. Akirudia kwa upande mmoja tu kila mara, mgongo au paja lina neno.

Dalili: anayumba nyuma, na hakuna mwendo unaolingana na hesabu

Hapa funga simu. Ukihesabu hatua tano ukapata majibu matano yaliyotawanyika, kwanza mpashe moto dakika kumi na urudie, kwa sababu farasi aliyetoka zizini hajajipanga. Akibaki hivyo, akiwa na miguu ya nyuma inayopishana, au anakwaruza ncha za kwato ardhini, hilo si suala la mwendo. Uganda ina mbung'o, na farasi hawana nguvu ya kuhimili ugonjwa anaouleta: homa inayokuja na kuondoka, ufizi uliopauka, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, kukonda wakati bado anakula, kisha udhaifu wa nyuma. Masaisi wanaopeleka wageni kuwatazama pundamilia na pofu kule Ziwa Mburo, na sisi wa kando ya Nile, tupime damu mapema. Usisubiri aanguke. Na mpandaji akikwambia, "Lakini leo amekuwa laini ajabu," mshushe.